Bebi shawa ya mke wangu: mama mkwe kasema mwanaume akikanyaga yeye haji. Niende nisiende?

#1 Baba Kijacho
Wakuu habari za jioni. Naenda kwenye mada.

Mke wangu ana miezi nane, mimba ya kwanza. Dada zake na wenzake wa kazini wameunda kamati, bebi shawa ni Jumamosi ya wiki ijayo hapa hapa Tabata, nyumbani kwa dada yake mkubwa, turubai limeshalipiwa. Mwanzo ilikuwa iwe sapraizi ila siri ilivuja, kuna mtu alituma orodha ya michango kwenye grupu la familia badala ya grupu la kamati 😂. Sasa kwa kuwa ameshajua, mke wangu kasema anataka niwepo, nikae pembeni yake, tukate keki wote, mtoto sio wa kwake peke yake. Mimi sikuwa na neno. Jana mama mkwe kapiga simu, sauti ya upole kabisa: "Baba, nasikia na wewe utakuwepo. Basi mimi nitakuja siku nyingine kumsalimia mwanangu." Halafu akaniuliza mchele Dar unauzwaje.

Hii kitu ni ya wanawake peke yao kwa sheria gani? Kama ni mila, ni mila ya nani, maana mimi Mhehe na sijawahi kusikia bebi shawa kijijini kwetu. Na kama ni ya Wazungu mbona wenzetu wanakaa na waume zao? Naombeni mawazo, matusi pelekeni uzi mwingine.

#2 Fundi Jokofu
Nimevuta kiti. Kahawa na kashata vipo.

#3 Mangi wa Kimara
Mkuu wewe una matatizo. Jumamosi mchana mke katoka, mashemeji wote wametoka, mama mkwe katoka, nyumba nzima ni yako na rimoti, halafu unaomba ukakae chini ya maputo masaa manne ukiangalia watu wanakisia tumbo la mkeo kwa kulizungushia tishu? Wenzio tunatafuta visingizio vya kutokwenda.

#4 Mama Wawili
Wanawake peke yao. Nimefanyiwa mbili. Ya kwanza hakukuwa na mwanaume hata wa dawa, ilikuwa tamu mpaka leo naiota. Ya pili ukumbi Sinza, shemeji zangu wakaja "kupiga picha tu". Waliingia watatu, baada ya nusu saa wako kumi na moja, meza ya nyuma imegeuka baa, emsii anameza maneno, bibi yangu kajifunika mtandio mpaka puani. Vinywaji vilivyopigiwa hesabu ya kufika saa mbili usiku vikakata saa kumi na moja jioni. Kamati ikanidai laki na themanini na tumbo langu la miezi minane.

#5 Mangi wa Kimara
@Mama Wawili kati ya hao kumi na moja mmoja naweza kuwa mimi. Nisamehe.

#6 Bi Somo
Mnauliza mila ya nani. Jina ndio limetoka nje, mwili ni wa hapa hapa. Mwari wa Kizaramo alikuwa anawekwa ndani, anafundwa, anachezwa, wanaume ngoma wanaisikia kwa mbali na hawasogei. Ikaingia mjini watu wana ofisi, hakuna wa kukaa ndani, somo, yaani kungwi anayemfunda, akapewa masaa matatu ukumbini ikaitwa kicheni pati. Binti akishika mimba tunamwita tena kwa jina lingine. Huyo mnayemwita emsii wa bebi shawa ni somo aliyevaa wigi na kushika maiki. Sasa wewe baba unataka kuingia unyagoni na suruali yako?

Nikupe mfano. Juzi Jumapili nilikuwa Mbagala. Keki imeliwa, wamecheza, watoto tumewatoa nje. Nikamfunika binti khanga tukabaki watu wazima. Mmoja akaanza, mimi baada ya kushonwa nilikaa siku nne naogopa kwenda chooni. Mwingine, mimi maziwa yaligoma, mtoto analia na mimi nalia, mama mkwe anazunguka nyumba anasema nina titi baya. Halafu mama mmoja wa makamo, kimya tangu tufike, akasema siku ya nane alitamani amlaze mtoto kwenye kochi akapande basi la Tanga asirudi, na hajamwambia mtu miaka kumi na saba. Binti chini ya khanga anatikisika, sijui analia sijui anacheka. Haya, hayo yangesemwa shemeji amekaa pale na ndevu zake?

#7 Katavi Boy
Duh. Basi la Tanga.

#8 Lulu wa Mwenge
Bi Somo shikamoo. Lakini hapo hapo ndio penyewe. Yule mama kakaa na hilo neno miaka 17 na mume anamwona kila siku. Mimi ningetaka wangu asikie la basi la Tanga kuliko mengine yote, maana siku nikilitamani mimi huyo kungwi yuko Mbagala na mimi niko Mwenge na mtoto saa nane usiku. Aliyepo ni huyo mwenye ndevu.

#9 Bi Somo
Marahaba mwanangu. Atalisikia kwako, sio kwangu. Siri ya mwenzio sio ya kumsomea mumeo.

#10 Msomaji Mkimya
Hakuna cha unyago wala nini, ni mambo ya Wazungu toka enzi za malkia wao huko, sisi tumekopi tu kama tulivyokopi keki.

#11 Mtu wa Minneapolis
@Msomaji Mkimya nikusahihishe kidogo. Hii ya zawadi, michezo na keki ni ya Marekani zaidi kuliko ya malkia, na imeshika moto baada ya vita vya pili vya dunia, watoto walipozaliwa kwa wingi, ile miaka ya 1946 mpaka 1964. Watu wanamnunulia vitu mama wa mtoto wa kwanza ili asianze mikono mitupu. Na ilikuwa ya wanawake watupu! Wanaume kuingia ni mambo ya juzi juzi. Kwa hiyo hoja ya mtoa mada kwamba Wazungu wanakaa na waume zao ni kweli kwa leo, kwa jana sio kweli.

Mimi huku Marekani nimehudhuria nyingi za Wabongo na Wakenya, hapa tunachanganyika maana ukumbi ni sebule ya mtu, nje kuna barafu, mume utamweka wapi? Kuna mchezo wanapenda, unafungwa kitambaa machoni unamvalisha mwanasesere pampasi. Nilishinda. Mke wangu tangu siku hiyo amenikabidhi zamu ya usiku, kwa hiyo fikirieni kabla ya kushinda.

#12 Fundi Jokofu
😂😂 umejichongea mwenyewe.

#13 Wifi Mkubwa
Mnaongea mila mila wakati ishu ni hela. Mimi ni mweka hazina wa kudumu kwenye ukoo wetu, nawapa hesabu. Kadi ya bebi shawa ni singo, tuseme elfu hamsini, mwanamke mmoja kiti kimoja. Ukiruhusu wanaume kadi inakuwa dabo, na dabo hakuna anayetoa laki, atatoa elfu sabini au themanini. Umepoteza elfu ishirini mpaka thelathini kwa kila viti viwili, na umeongeza mtu anayekula sahani mbili na kunywa bia nne. Ndio maana kamati zote zinakataa halafu zinamsingizia bibi na mila.

Halafu kuna daftari. Ninalo, kauntabuku kwaya mbili, limeanza mwaka nilioolewa. Fulani kaniletea beseni na doti ya khanga, wake ukifika nampelekea beseni na doti mbili. Ni upatu wenye maputo. Mwanaume hana daftari, akija anakula, lake halijulikani linarudi lini.

#14 Katavi Boy
@Wifi Mkubwa hilo daftari hela yake inatoka mfukoni kwa nani? Mwaka huu nimetoa michango minne ya bebi shawa na sijala hata sambusa moja. Mimi nimo kwenye upatu bila kiti.

#15 Mangi wa Kimara
Andikeni hii ukutani. UPATU BILA KITI.

#16 Wifi Mkubwa
@Katavi Boy na pampasi zikiletwa nyumbani kwenu unanunua tena? Mwezi wa kwanza hutoi hata mia. Kula sambusa zako kwa njia hiyo.

#17 Bint Unguja
Assalaam alaykum. Miye nashangaa jambo jengine kabisa, hivyo mnafanya sherehe mtoto hajazaliwa? Kwetu mimba haitangazwi, ikionekana ishaonekana. Wazee wanaogopa husda na wanaogopa kuingia kwenye mambo ya Mungu kabla Mungu hajamaliza. Siku ya saba mtoto ananyolewa nywele, anachinjiwa akika, mwanamme mbuzi wawili mwanamke mmoja, ni wajibu wa baba, kisha arobaini mama anatoka nje. Na humo wanaume wamo tele, wao ndio wachinjaji na maulidi wanasoma. Kwa hiyo ukitaka sherehe ya baba na mama, subiri mtoto alie kwanza.

#18 Sharifu wa Mvita
Wa alaykum salaam. Dada akika kwa wengi ni sunna, si wajibu, asiyejaaliwa halaumiwi. Hayo mengine ni sawa, na hapa Mombasa twafanya hivyo hivyo ijapokuwa mabinti wa siku hizi wanazo zote mbili, bebi shawa mwezi wa nane na arobaini baadaye, na pochi la baba ni lile lile.

#19 Bint Unguja
Ahsante kwa sahihisho.

#20 Mtu wa Masasi
Bi Somo amesema unyago, sawa, lakini kamaliza nusu. Kusini kwetu Wayao na Wamakonde msichana anaingia unyago, mvulana anaingia jando, kila mmoja anatoka na maneno yake. Mjini mmebeba unyago mkaupeleka ukumbini mkaupamba, jando mmelipeleka hospitali likabaki kisu na dawa ya ganzi. Mwanaume wa Dar anaoa hajafundwa, anapata mtoto hajafundwa. Halafu mnashangaa anagonga mlango wa bebi shawa. Anatafuta jando lake.

#21 Baba Kijacho
Nimesoma yote, asanteni. Naleta kitu.

Nilimuuliza mke wangu tena jana usiku, nikamwambia kwani ni lazima, mama asije akaudhika. Akaniambia hivi. Kwenye kicheni pati yake alikaa kwenye kile kiti masaa matatu akifundwa namna ya kunitunza mimi, chai nipewe vipi, nikirudi nimekasirika afanye nini, nikinuna, nikilewa. Akaniuliza siku hiyo saa hizo wewe ulikuwa wapi? Nilikuwa baa Segerea na bro wangu, naikumbuka vizuri maana tulikuwa tunapongezana. Akasema "sikai tena kwenye kiti cha kufundwa peke yangu."

Sikujibu. Nikazima taa.

#22 Lulu wa Mwenge
Mwambie mkeo nampenda.

#23 Bi Somo
Mwambie hakufundwa kukutunza wewe tu, hilo ndilo alilokusimulia. Kuna mengine hajakusimulia na ndio maana bado mko pamoja.

#24 Fundi Jokofu
😳 Baba Kijacho lala jicho moja.

#25 Mkunga Zamu ya Usiku
Naandika haraka nipo mapumziko. Mimi nazalisha. Ninyi mnagombania keki, mimi nagombana na wanaume saa tisa usiku.

Kliniki ya kwanza tunasema njoo na mwenza, mpime wote, msikilize wote. Wanaokuja wengine anakaa kwenye pikipiki nje anachati, na wale wasio na mwenza tunawasumbua na barua ya serikali ya mtaa, mimi binafsi hiyo siipendi. Siku ya uchungu analetwa, namuuliza baba mkoba uko wapi, hajui. Kadi ya kliniki? Ipo kwenye droo. Droo gani? Anampigia simu mama yake mzazi Morogoro kuuliza droo ya nyumbani kwake yeye mwenyewe!

Sasa hayo ni ya kucheka. Kuna yasiyochekesha. Mama kichwa kinamuuma sana siku mbili, anaona ukungu, uso na mikono imevimba, mume anamnunulia panadoli maana hajawahi kuambiwa hiyo inaweza kuwa ni presha inaelekea kifafa cha mimba. Damu inatoka anasubiri kukuche. Mtoto kaacha kucheza tumboni anaambiwa amelala. Kuchelewa kuamua pale nyumbani ndiko kunakotuumiza, na anayeamua, anayeita bodaboda, anayetoa hela, mara nyingi ni huyo mliyemfungia nje. Mkiwa na emsii wa kuwaambia wanawake hamsini dalili za hatari, na wanaume hamsini waliobaki nyumbani waambiwe na nani? Mimi nipeni dakika kumi tu na maiki, halafu watoke waende kwenye bia zao.

#26 Mama Wawili
Hapa umenigusa mkunga. Dakika kumi naunga mkono. Za keki hapana.

#27 Katavi Boy
Mkunga heshima. Ila serikali nayo imetupa wiki mbili za likizo ya uzazi wanaume, kwa hiyo wametutambua.

#28 Afisa Utumishi Mstaafu
@Katavi Boy wiki mbili ni Kenya, Sheria yao ya Ajira ya 2007. Kwetu ni Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, baba anapata siku 3 tu kama kiwango cha chini, na azichukue ndani ya siku 7 tangu mtoto azaliwe. Mama siku 84, akizaa zaidi ya mtoto mmoja siku 100. Usije ukakaa nyumbani wiki mbili ukakuta kiti chako kina mtu.

#29 Katavi Boy
Siku tatu?! Mechi ya Kariakoo ikiangukia hapo ndio imeisha hiyo.

#30 Mkenya Mtulivu
Sisi tuko na hizo wiki mbili lakini ukiomba bosi anakuangalia kama umeiba. Hapa Nairobi siku hizi bebi shawa ni ya kila mtu. Wanaume wako nje wanachoma mbuzi, wamama wako ndani, mnapatana wakati wa kula, na kila mtu anarudi nyumbani akisema alihudhuria. Mamangu lakini hataki kusikia, anasema shughuli ya ukweli ni mtoto akishazaliwa, wamama wanakuja na uji na njahi, yale maharagwe meusi, ya kuleta maziwa. Anasema pampasi hainyonyeshi.

#31 Mangi wa Kimara
Njahi ni nini mbele ya mtori. Kwetu Uchagani mzazi anakaa ndani miezi mitatu, hashiki jembe hashiki maji, anakula mtori na nyama mpaka mashavu yanang'aa. Na nani anatafuta nyama? MWANAUME. Hiyo ndio bebi shawa yetu, mwanaume yupo ndani kabisa, kwa upande wa buchani.

#32 Msomaji Mkimya
Mtori si ndio zile ndizi za Bukoba zinapondwa?

#33 Mangi wa Kimara
Bukoba?? Mods futeni huyu mtu. Mshare, ndugu yangu, ndizi MSHARE. Unachemsha na nyama, unaponda kwa mwiko mpaka mkono uume. Za Bukoba waachie wenyewe wanajua cha kuzifanyia.

#34 Lulu wa Mwenge
Tulikuwa bebi shawa sasa tupo jikoni. Mtoa mada mtapasua puto la kujua jinsia au?

#35 Mtu wa Minneapolis
Asijaribu. Hiyo kitu ilivuma huku baada ya mama mmoja mwandishi wa blogu, Jenna Karvunidis, kukata keki ya kuonyesha jinsia mwaka 2008, na mwaka 2019 mwenyewe akasema anajuta ilikofikia. Septemba 2020 kule California kuna waliowasha moshi wa rangi wa kutangaza jinsia nyasi zikashika, ukawa moto wa El Dorado, ukala ekari zaidi ya elfu ishirini na zimamoto mmoja akafa. Wabongo endeleeni na maputo.

#36 Mzee wa Gongo la Mboto
Sikutaka kuandika ila Bint Unguja kaniamsha na ile hoja yake.

Mwaka juzi mke wangu alifanyiwa bebi shawa mwezi wa nane. Wanawake tu, mimi nilipeleka soda nikaondoka. Alirudi na vitu vya kujaza pikapu, kitanda cha mtoto, mabeseni, pampasi, poda, nguo ndogo ndogo zile za miguu imefungwa. Wiki tatu baadaye mtoto akazaliwa hana uhai. Sitasema wapi wala ilikuwaje.

Usiku ule kabla mke wangu hajatoka wodini, nilirudi nyumbani peke yangu na nikaanza kutoa vile vitu chumbani ili asivikute. Nilivihamishia kwa jirani kimoja kimoja. Kila boksi lina kadi, jina la aliyetoa, "hongera mama". Sikuwa najua hata mmoja ni nani. Nikawa nasoma majina ya watu waliomfurahia mwanangu na mimi hawanijui, siwajui. Walipokuja kumpa pole mke wangu walikaa naye ndani, mimi nilikaa nje na viti.

Sisemi wanaume waende au wasiende. Nasema tu mimi ndiye niliyebeba yale maboksi.

#37 Fundi Jokofu
Pole sana kaka.

#38 Bint Unguja
Pole kaka yangu. Mungu awape kilicho bora. Sikuandika nikijua.

#39 Mkunga Zamu ya Usiku
Pole baba. Hao wa kukaa nje na viti nawaona kila mwezi.

#40 Bi Somo
Pole mwanangu. Nitakupigia magoti nikikuona.

#41 Wifi Mkubwa
Pole sana. Kwenye daftari langu huwa naandika jina la mama tu. Hata sijui kwa nini nalisema hapa.

#42 Baba Kijacho
Pole sana mzee, nimesoma na mke wangu pembeni.

Wakuu Jumamosi imepita, naleta mrejesho. Shemeji mkubwa alikaa katikati. Saa nane mpaka saa kumi na moja wanawake peke yao, geti limefungwa, mtoto wa kiume mwisho miaka saba. Mimi na bro wangu na shemeji wawili tukapewa kazi nyuma ya nyumba, sufuria mbili za pilau kilo kumi na tano, na moshi wa kuni ulikuwa unaingia machoni kwangu tu, sijui kwa nini. Kutoka kule nyuma unasikia vigelegele, unasikia kimya kirefuuu, halafu kicheko kimoja cha kupasua bati. Kwenye kile kimya bro wangu kaniuliza wanaongea nini, nikamwambia basi la Tanga.

Mama mkwe alikuja. Saa kumi na moja na nusu geti likafunguliwa tukaingia na masahani. Nikaitwa mbele nikakaa pembeni ya mke wangu dakika kama ishirini, keki tukakata wote. Hapo dada mmoja mwuguzi wa kwenye kamati (mkunga nilimwonyesha post yako) akachukua maiki akawageukia wanaume wanne tuliokuwepo akatuuliza kwa sauti kadi ya kliniki inakaa wapi. Bro wangu alisema "kwenye droo". Ukumbi mzima chini.

Mama mkwe hakunisemesha mpaka anaondoka. Mlangoni akaniambia "Pilau lilikuwa na chumvi kidogo, baba." Sijui ni zuri au ni baya.

#43 Mama Wawili
Ilikuwa kidogo au ilikuwa nyingi? Kwa mama mkwe hapo kuna tofauti kubwa.

#44 Mangi wa Kimara
Umesamehewa lakini faili halijafungwa.

#45 Bi Somo
Mmeona? Geti lilifungwa. Nilisema.

#46 Lulu wa Mwenge
Na likafunguliwa. Nilisema.

#47 Baba Kijacho
Swali lingine wazoefu. Tumehesabu, pampasi pakiti thelathini na moja, ZOTE namba moja. Na mabeseni tisa. Nifanyeje?

#48 Wifi Mkubwa
Usifungue pakiti hata moja zaidi ya sita. Zingine peleka duka la jumla uwaombe wakubadilishie na namba mbili na tatu, wengi wanakubali kama plastiki haijachanwa. Mtoto anaiacha namba moja kabla hujazoea kuivalisha.

#49 Baba Kijacho
Na mabeseni?

#50 Mama Wawili
Moja la kuogea mtoto, moja la nepi, na wa kuzifua uliitwa mbele ukakata keki. Saba waandike kwenye daftari.

#51 Msomaji Mkimya
Samahani nimechelewa. Hizo mshare Mabibo zinauzwaje mkungu?